Kutoka Gari la Moshi hadi Mota ya Kitovuni: Historia ya Istilahi za Mwendo wa Gari

Katika miaka ya karibuni wafasiri na watumishi wa serikali wamekabiliwa na kitu ambacho lugha yetu ya magari haikukitazamia. Gari kuukuu la petroli au dizeli huondolewa injini, huwekewa betri kubwa, kisha magurudumu yake huzungushwa na mota za umeme. Katika namna mojawapo ya kazi hiyo mota hazikai mbele chini ya boneti, bali hufungwa katika magurudumu yenyewe, kila gurudumu na mota yake. Gari hubaki lile lile kwa bodi na kwa namba ya chasisi. Lakini fomu inapouliza namba ya injini, au maelekezo ya kazi yanapomtaka fundi azime injini, hapana kitu kinachotajwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo la namna hii si geni katika Kiswahili. Kila mara nguvu inayosukuma chombo cha usafiri ilipobadilika, watu walikipa chombo jina kwa kile kilichoonekana wakati ule, na jina likabaki baada ya kitu chenyewe kuondoka. Aghalabu kubaki huko hakukuleta madhara. Kwa gari lililobadilishwa kuwa la umeme mambo ni tofauti, maana jina lililopitwa na wakati laweza kumpotosha afisa anayekadiria ushuru, na laweza kumgharimu fundi maisha yake. Ndiyo sababu hapana budi istilahi zake zitazamwe mapema, kabla ya mazoea kuzikamata.

Ili historia hiyo iwe na mahali pa kusimama, tumeuchagua mkoa wa Singida. Mkoa huu uko katikati ya nchi, na ndani ya mipaka yake zimepita, moja baada ya nyingine, njia ya wapagazi, njia ya reli, njia ya malori, na hatimaye njia kuu za umeme. Mifano ya mahali pengine itatajwa pale tu ambapo Singida haitoshi kueleza.

Kabla ya gurudumu

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, mahali panapoitwa leo Tabora, ilipomaliza nchi ya Ugogo iliingia katika pori kavu lililoogopwa na wasafiri wote, nalo likiitwa Mgunda Mkali. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Sehemu kubwa ya pori hilo imo leo katika eneo la Manyoni na Itigi, mkoani Singida. Humo hamkupita gurudumu. Mbung'o waliua wanyama ambao wangeweza kukokota magari, na kwa hiyo mizigo ilichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikadiriwa kuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi.

Kipindi hicho kilituachia maneno mengi ya mwendo, na yote ni ya mwili: kubeba, kuvuta, kusukuma, kuchoka, kupumua. Msomaji asidhani kwamba maneno hayo yalikwisha pamoja na misafara. Hata leo dereva husema gari lake linavuta vizuri, au kwamba limechoka; na fundi husema injini imekosa pumzi. Lugha ya mpagazi imehamia katika chuma, nayo inafanya kazi yake bila kumkosesha mtu maana.

Neno gari lenyewe lilivuka bahari kutoka katika lugha za Bara Hindi. Tabia yake moja ni muhimu kwa hoja yetu. Neno hili halitaji nguvu inayosukuma chombo, bali lataja chombo chenye magurudumu tu. Nguvu hutajwa kwa neno linalofuata: gari la ng'ombe, gari la punda, gari la moshi. Kwa hiyo tunaposema gari la umeme hatuigi lugha yoyote ya kigeni. Tunafuata kanuni iliyokuwapo tangu gari la kwanza lilipokokotwa na ng'ombe katika nchi hii.

Gari la moshi

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kati ya Dodoma na Tabora ilikata moja kwa moja katika Mgunda Mkali, na Manyoni na Itigi vikawa vituo vyake. Mtu aliyesimama kando ya reli hakuona pistoni wala mvuke uliokuwa ndani ya mitungi. Aliona moshi. Jina gari la moshi, ambalo baadaye lilifupishwa kuwa gari moshi, lilitokana na kile kilichoonekana kwa mbali, wala si na kile kilichofanya kazi. Kwa usahihi wa kifundi kilichosukuma chombo ni mvuke. Moshi ulikuwa mabaki ya moto tu.

Baadaye injini za dizeli zilichukua nafasi ya zile za mvuke katika reli za Afrika Mashariki, na wingu la moshi likapungua sana. Hata hivyo jina halikuondoka, na hapana aliyedhurika, kwa kuwa abiria alihitaji kujua tu kwamba chombo hicho kitamfikisha Manyoni. Nchini Kenya lilitokea jambo la ajabu zaidi. Neno stima, ambalo asili yake ni mvuke, na ambalo katika mwambao lilitumika kwa meli inayokwenda kwa mvuke, lilihamia kwenye umeme, hata leo Mkenya husema stima imekatika akiwa na maana kwamba umeme umekatika. Neno liliruka kutoka nguvu moja hadi nyingine, wala hapana aliyelizuia.

Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria katika reli ya kisasa, kwanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha hadi Dodoma. Reli hiyo imepangwa kuendelea hadi Makutupora, mkoani Singida, na mkataba wa kipande cha kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021. Watu hawakungoja baraza wala kamati. Treni moja katika hizo, ambayo pua yake imechongwa, waliiita mchongoko. Hapa tunaiona tena kanuni ile ile ya gari la moshi: jina hutoka machoni. Mchongoko ni jina zuri na litadumu, ila halimwambii fundi lolote kuhusu kinachozungusha magurudumu. Kwa hiyo jina la umma na istilahi ya kazi ni vitu viwili, wala kimoja hakihitaji kukiua kingine.

Motokaa na lugha ya gereji

Motokaa ilipoingia ilikuja na jina lake kutoka Kiingereza, na ndani ya jina hilo, pasipo wengi kujua, ulikuwamo mzizi ule ule uliotupatia neno mota. Katika Kiswahili, hata hivyo, kiini cha motokaa hakikuitwa mota. Kiliitwa injini, na mgawanyo huo umetufaa mpaka leo: injini huchoma mafuta ndani yake, mota hupokea umeme. Kiingereza hukoroga maneno hayo mawili mara kwa mara. Kiswahili kiliyatenganisha mapema, na haifai sasa kuyachanganya kwa kufuata uzembe wa matini tunazofasiri.

Barabara ya kutoka Singida kwenda Nzega hupita katika mlima wa Sekenke, wilayani Iramba, ambako uwanda wa juu hukatika ghafla na kushuka hadi mbuga ya Wembere. Karibu na hapo Wajerumani walifungua mwaka 1909 mgodi wa dhahabu wa Sekenke, uliokuwa wa kwanza wa aina yake katika nchi hii. Kwa madereva wa malori Sekenke ilijulikana kwa jambo jingine: kupanda kwake kulipima injini, na kushuka kwake kulipima breki. Dereva aliyeshuka kwa gia kubwa, akitegemea breki peke yake, aliweza kuziunguza na kulipoteza gari. Aliyeijua kazi aliingiza gia ndogo na kuiacha injini ilizuie gari.

Lugha ya kazi hiyo haikutungwa ofisini. Mafundi walipokea maneno kutoka kwa wenzao Waasia na Wazungu na kuyapa sauti za Kiswahili: klachi, gia boksi, propela shafti, difu, ekseli, beringi, habu. Ukiyapanga maneno haya kwa utaratibu huo utaona kwamba ni safari nzima ya nguvu: kutoka injini, kupitia klachi na gia boksi, kufuata propela hadi difu, kugawanyika katika ekseli, na kufika kwenye habu ambako gurudumu hufungwa. Fundi anayeyajua kwa mpangilio huo anajua gari linavyokwenda, hata kama hakusoma kitabu chochote.

Sambamba na mkondo wa gereji ulikuwapo mkondo wa vitabu. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda ilishughulikia usanifishaji, na kamusi zake zikatoka mwaka 1939. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na vijitabu vya Tafsiri Sanifu vikafuata katika miaka ya 1970. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Mikondo hii miwili haikukutana kila mara. Mwanafunzi alijifunza darasani kani na nishati. Ndugu yake katika gereji alijifunza difu na habu. Gari la umeme linawalazimisha wakutane, maana ni chombo ambacho hakiwezi kuelezwa kwa msamiati wa mmoja wao peke yake.

Mota yalikaribia gurudumu

Wengi hudhani kwamba mota iliyofungwa katika gurudumu ni uvumbuzi wa juzi. Sivyo. Katika maonyesho ya dunia ya Paris ya mwaka 1900 lilionyeshwa gari lililotengenezwa na karakana ya Lohner ya Vienna kwa usanifu wa kijana aliyeitwa Ferdinand Porsche. Magurudumu yake ya mbele yalikuwa na mota ndani ya vitovu. Halikuwa na gia boksi, wala propela, wala difu. Udhaifu wake mkubwa ulikuwa betri za risasi, zilizokuwa nzito mno kwa nishati ndogo zilizohifadhi. Wakati huo huo Porsche alijaribu kuweka injini ya petroli ndani ya gari ili izungushe jenereta, na jenereta ilishe mota za magurudumuni. Hilo ndilo gari mseto tunalolisikia leo.

Petroli ilishinda barabarani, lakini fikra ya kuitenga injini na gurudumu haikufa. Ilikimbilia kwenye reli. Katika treni za dizeli-umeme, ambazo Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa nazo tangu miaka ya 1960, injini ya dizeli haizungushi magurudumu. Huzungusha jenereta, na umeme wake huendeshea mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa hiyo kwa muda wa miaka mingi abiria wa gari moshi alisukumwa na mota za umeme zilizokuwa hatua moja tu kutoka kwenye gurudumu, ilhali jina la chombo likiendelea kumtajia moshi.

Mwaka 1971 fikra hiyo ilifika mbali zaidi. Wanaanga wa Marekani wa Apollo 15 waliendesha juu ya Mwezi gari lenye magurudumu manne, kila gurudumu likiwa na mota yake yenye robo ya nguvu farasi, na betri mbili za volti 36 zikilisha mota hizo. Huko, mahali ambapo fundi hawezi kuitwa, mota nne zilikuwa bima: moja ikiharibika, tatu hubaki.

Katika Afrika Mashariki safari ya magari ya umeme ina kumbukumbu zake. Chuo Kikuu cha Makerere kiliendesha barabarani gari lake, Kiira EV, mwezi Novemba 2011. Gari hilo lilijengwa upya, halikubadilishwa. Kazi ya kubadilisha magari yaliyokuwapo ilishika kasi baadaye katika utalii. Kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017, ilibadilisha nchini Kenya magari ya Land Cruiser na Land Rover. Na mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia magari ya umeme katika Serengeti. Sababu ni rahisi kuielewa: gari la kutembeza wageni hupita njia fupi zinazojulikana, hurudi kambini kila jioni, na ukimya wake hauwashtui wanyama.

Njia mbili za kubadilisha gari

Aghalabu mabadiliko hufanywa kwa njia rahisi. Injini huondolewa, na mota moja huwekwa mahali pake. Propela, difu na ekseli hubaki. Kwa lugha ya fundi, safari ya nguvu ni ile ile, ila mwanzo wake umebadilika.

Njia ya pili huziweka mota magurudumuni. Hapo msamiati mzima uliotajwa juu huanguka: hapana klachi, hapana propela, hapana difu. Kazi ya difu, yaani kuliruhusu gurudumu la nje lizunguke kwa kasi zaidi katika kona, huachiwa kidhibiti cha umeme kinachoipimia kila mota haki yake. Njia hii pia humwezesha mwenye gari kuiacha injini ya petroli mahali pake na kuongeza mota katika magurudumu ya nyuma tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Charles Perry wa Middle Tennessee State University, nchini Marekani, alionyesha gari la Honda la mwaka 1994 lililobadilishwa hivyo. Katika usafiri mdogo mota ya namna hii imekwisha kuzoeleka: baiskeli nyingi za umeme, na baadhi ya pikipiki, huibeba katika kitovu cha gurudumu la nyuma.

Kila njia ina gharama yake. Mota inapokaa ndani ya gurudumu huongeza uzito upande wa chini wa springi, na uzito huo haubembelezwi na springi wala shokapu. Katika lami ya kutoka Manyoni hadi Singida jambo hilo ni dogo. Katika njia ya changarawe yenye makorongo, ambayo ndiyo njia ya vijiji vingi vya mkoa, gurudumu zito hupiga shimo kwa kishindo kikubwa zaidi, na mota hupokea mtikisiko, vumbi na maji ambavyo injini ilikingwa navyo. Bila shaka mwenye gari atapenda kujua hayo kabla ya kulipa, naye atayajua ikiwa tu maelezo yameandikwa kwa lugha inayotofautisha njia moja na nyingine.

Mlima Sekenke unatufundisha jambo jingine. Gari la umeme linaposhuka, magurudumu huzungusha mota, mota hugeuka jenereta, na umeme hurudi katika betri huku gari likipunguza kasi. Ni mfano wa dereva wa zamani aliyeiacha injini ilizuie gari, isipokuwa sasa nguvu ya mteremko haipotei yote kuwa joto. Lakini betri iliyojaa haiwezi kupokea umeme zaidi. Mtu aliyechaji hadi juu uwandani, kisha akaanza kushuka mara moja, asitegemee msaada huo; breki za kawaida lazima ziwe nzima. Mfasiri akiandika breki ya umeme bila maelezo, dereva atadhani amepewa breki mpya inayojitosheleza.

Umeme wenyewe umeufikia mkoa kwa wingi. Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga hupita Dodoma na Singida, na Singida ndiyo mwisho wa njia nyingine inayokuja kutoka Isinya, Kenya, kupitia Namanga na Arusha, iliyounganisha gridi za nchi hizi mbili mwaka 2024. Mahali njia hizo zinapokutana watu hupaita kituo cha kupoza umeme. Hapana kinachopozwa kwa maana ya joto. Kinachopunguzwa ni volti. Hata hivyo neno kupoza limekubalika kote nchini, kwa sababu limeeleza kazi kwa mfano ambao kila mpishi anaujua.

Istilahi zinazohitajika

Kutokana na historia hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo. Ni mapendekezo ya kujadiliwa, si maamuzi ya Baraza.

Kwanza, injini na mota zisichanganywe. Tafsiri ya injini ya umeme, inayoonekana katika matangazo na magazeti, iachwe katika matini za kazi na za sheria. Jambo hili lina uzito katika ofisi. Kwa miaka mingi ushuru na ada za usajili wa magari nchini zimepangwa kwa ujazo wa injini, nao hupimwa kwa sentimita za ujazo. Mota haina ujazo wa namna hiyo. Afisa anayeambiwa kwamba gari lina injini ya umeme atatafuta ujazo wake, na asipouona ama ataandika ule wa injini iliyoondolewa, ama ataandika sifuri. Yote mawili ni upotoshaji. Fomu ingeuliza uwezo wa mota kwa kilowati, na nishati ya betri kwa kilowati-saa. Vipimo hivi viwili navyo visifanywe kimoja, maana cha kwanza chaeleza jinsi gari linavyoweza kupanda Sekenke, na cha pili jinsi litakavyofika mbali.

Hata mapato ya barabara yamefungwa katika neno mafuta. Katika mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na badala yake ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Gari lisilonunua mafuta halilipi ushuru huo. Iwapo ni haki au si haki ni swali la wenye sera. Letu ni kuona kwamba siku watakapoliandikia sheria watakuwa na maneno yasiyogombana.

Pili, mahali pa mota pataje jina lake. Istilahi mota ya gurudumu haitoshi, kwa kuwa kila mota ya gari huzungusha gurudumu, hata ile iliyoko chini ya boneti. Kiswahili kina kiambishi cha mahali kinachoondoa utata huo. Tunasema samaki wa baharini na watu wa mjini; basi na tuseme mota ya kitovuni kwa ile iliyo ndani ya gurudumu, na mota ya ekselini kwa ile iliyofungwa kwenye ekseli kama ya treni. Kitovu ni neno letu, nalo humwambia msomaji kwamba ni katikati ya duara. Fundi anayesema habu asikatazwe. Kamusi iyaweke maneno yote mawili, la kwanza kwa shule na sheria, la pili kwa gereji.

Tatu, tendo lenyewe. Kugeuza gari kumekwisha kuwa na maana ya kulielekeza lilikotoka, na kubadili injini ni kutoa injini moja na kutia nyingine. Kwa hiyo iandikwe kubadilisha gari kuwa la umeme. Ni maneno mengi kidogo, lakini hayana mlango wa pili.

Nne, uendeshaji. Kiingereza hutumia neno moja kwa kazi ya dereva na kwa mfumo unaozungusha magurudumu, na wafasiri wengi hutoa uendeshaji kwa yote mawili. Matokeo yake ni sentensi kama uendeshaji wa umeme, ambayo msomaji huielewa kuwa ni ufundi wa kushika usukani wa gari hilo. Uendeshaji ubaki kuwa wa dereva. Mfumo uitwe mfumo wa kuzungusha magurudumu.

Tano, breki iliyoelezwa hapo juu iitwe breki ya kurejesha umeme, na kila inapotajwa katika kitabu cha dereva itajwe pamoja na mpaka wake.

Sita, nalo ndilo zito kuliko yote, ni neno kuzima. Vitenzi kuwasha na kuzima vilitoka kwenye moto. Vilihamia kwenye taa, kisha kwenye gari, na katika magari ya mafuta havikumdhuru mtu, kwa sababu injini ikizimwa hunyamaza, na ukimya wake ni ushahidi. Gari la umeme limenyamaza tangu mwanzo. Fundi aliyeizima swichi, akasikia kimya, akafungua gurudumu lenye mota, bado ana mbele yake nyaya ambazo katika magari mengi huunganishwa na betri ya volti mia tatu au mia nne. Umeme huo unaua. Kwa hiyo agizo zima injini lisifasiriwe hata kwa zima mota. Iandikwe: zima gari, kata umeme wa betri kuu, ngoja muda uliowekwa na mtengenezaji, kisha pima kwa kifaa kuhakikisha kwamba umeme haumo. Agizo hilo linawahusu pia askari wa zimamoto wanaofika penye ajali, ambao hawana nafasi ya kutafakari maana ya neno.

Hitimisho

Wasemaji wa Kiswahili hawakukosea kuliita gari la moshi kwa moshi wake, wala hawakosei leo kuiita treni mchongoko. Majina hayo ni mali ya umma. Lakini pale ambapo neno ni kipimo cha ushuru, au ni agizo kwa mtu aliyeshika spana, historia inatuonya tusiliache litoke machoni peke yake. Litokane na kazi ya kifaa na mahali kilipo.

Walimu wa shule za ufundi waombwe kuyajaribu maneno haya darasani, na wafasiri wayapeleke gereji kabla ya kuyapeleka mitamboni kuchapwa. Gereji za Singida, zinazohudumia malori ya njia kuu na pikipiki za vijijini kwa pamoja, ni mahali pazuri pa kuanzia. Fundi akilikataa neno, aulizwe analitumia lipi, na jibu lake liandikwe.